Mnyama Asiye na Jina Hana wa Kumlilia

Siku moja, katika somo la msamiati na maana, niliwataka wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza waandike majina ya Kiswahili ya wanyama wa jamii ya swala wapatikanao nchini Kenya. Hawakuwa wanafunzi wazembe. Walikuwa vijana wawezao kuchanganua ngeli na vishazi bila kubabaika, na wengi wao walikuwa wakijiandaa kuwa walimu wa Kiswahili. Dakika kumi zilipokwisha, karatasi nyingi zilikuwa na neno moja tu: swala. Baadhi waliongeza paa na nyumbu. Mmoja aliandika kongoni, kisha akaniuliza kama hilo si jina la mahali tu. Nilipowaruhusu watumie Kiingereza, orodha zao zilirefuka papo hapo.

Sikuwalaumu. Walikuwa wamefunzwa habari za wanyamapori kwa Kiingereza tangu walipokuwa watoto, na Kiswahili wakaachiwa hadithi za sungura na fisi. Lakini nilitoka darasani nikiwa na fadhaa, kwa maana miongoni mwa majina ambayo hakuna aliyeyaandika ni ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka katika nchi hii. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kwanza la taifa lolote ni lugha yake. Kitu kisichoandikwa humo kinaweza kwenda zake na wenyewe wasitambue kuwa wameibiwa.

Tuanze na mnyama aitwaye korongo. Wanafunzi wengi wanajua kuwa korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, na wengine wanajua kuwa ni bonde lililochimbwa na maji. Ni wachache mno wajuao kwamba korongo pia ni mnyama mkubwa wa jamii ya swala, mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma na uso wenye mabaka meusi na meupe. Hapa Kenya mnyama huyo amesalia katika Mbuga ya Taifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Wanyamapori walipohesabiwa kote nchini mwaka 2021, korongo waliopatikana walikuwa 15. Idadi hiyo haitoshi hata kujaza madawati ya darasa moja la shule ya kijijini.

Binamu yake, palahala, naye amebaki mahali pamoja tu nchini, yaani katika Vilima vya Shimba huko Kwale. Dume la palahala ni jeusi tii, lenye tumbo jeupe na pembe ndefu zilizopinda kama upanga. Palahala ni neno la Kiswahili fasaha lililomo katika kamusi zetu, na mwenyewe yuko mwendo mfupi kutoka Mombasa, kitovu cha lugha hii. Hata hivyo, jaribu kumtaja mbele ya watahiniwa wa mtihani wa kitaifa uone ni wangapi watakaoinua mikono.

Hirola ana kisa cha aina nyingine. Huyu ni mnyama wa nyanda kame za Garissa na Tana River, mwenye mstari mweupe unaounganisha macho mawili kana kwamba amevaa miwani. Wanasayansi wamemweka katika jenasi ya peke yake. Akitoweka, jenasi nzima itakuwa imekwisha. Kwa muda mrefu vitabu vya Kiingereza vilimwita kwa jina la Mwingereza H.C.V. Hunter, mwindaji aliyempata karibu na Mto Tana mwaka 1888. Ajabu ni kwamba hata ukoo wa bwana huyo, ukifasiriwa, maana yake ni mwindaji. Mnyama akaandikwa katika daftari la dunia kwa jina la mtu aliyempiga risasi, ilhali wafugaji walioishi naye vizazi na vizazi walikuwa na majina yao ambayo hakuna aliyeyauliza.

Katika miaka ya 1980 hirola walikumbwa na ukame na maradhi ya sotoka, wakafa kwa wingi. Tangu mwaka 2011 sotoka imetangazwa kuwa imekomeshwa duniani, lakini hirola hawajarudia idadi yao ya zamani. Mwaka 2021 walihesabiwa 497. Watafiti wameeleza sababu mojawapo. Ndovu walipouawa na majangili, hapakuwa na wa kuangusha na kuvunja miti, kwa hiyo vichaka vikasonga mbele na kufunika nyanda za nyasi ambazo ndizo malisho ya hirola. Kwa hivyo jangili aliyempiga ndovu kwa ajili ya pembe alimwua pia hirola ambaye hakumwona. Wafugaji wa Ishaqbini huko Ijara, wengi wao Wasomali, ndio waliojitolea ardhi ya jamii, na mwaka 2012 likatengwa eneo lenye uzio, likaanza na hirola 48. Watu wamjuao mnyama kwa jina ndio waliojitolea kumtengea mahali pa kuishi.

Huenda msomaji akaniambia kuwa mimi, kama mtaalamu wa isimu, navutia ngozi kwangu. Je, jina humwokoa mnyama? Kifaru ana jina linalojulikana na kila mtoto, na bado nusura atoweke. Mnamo mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Kujulikana kwa jina hakukuzuia risasi hata moja.

Hoja hiyo ni ya kweli, nami naikubali. Kilichowarejesha vifaru weusi hadi 897 mwaka 2021 ni askari wa doria, uzio, fedha na hukumu mahakamani. Jina halishiki bunduki. Lakini tujiulize: ni nini huwafanya watu wakubali kulipa gharama ya hao askari na huo uzio? Watu hulipia kile wanachokijua na kukihesabu kuwa chao. Tazama kisa cha Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ndovu huyo alindwe, akawekewa walinzi usiku na mchana hadi alipokufa mwaka 1974. Kulikuwa na maelfu ya ndovu wakati huo, lakini aliyepewa walinzi ni yule ambaye wananchi walimjua kwa jina. Vivyo hivyo, tarehe 19 Machi 2018, alipokufa Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, huko Ol Pejeta, dunia nzima ilimlilia. Wakabaki wawili, Najin na Fatu, mama na binti yake, nao pia wanajulikana kwa majina. Ikiwa kesho korongo mmoja wa Ruma atanaswa kwa mtego wa waya, nani atamlilia?

Maadamu nimemtaja kifaru mweupe, niruhusiwe kutaja dosari nyingine. Kifaru mweupe si mweupe, wala kifaru mweusi si mweusi. Wote wawili ni wa rangi ya kijivu. Majina hayo tuliyatafsiri kutoka Kiingereza neno kwa neno. Ipo hadithi iliyoenea kwamba Waingereza nao walilisikia vibaya neno la Kiholanzi lenye maana ya pana, lakini wataalamu waliochunguza maandishi ya kale hawakupata ushahidi wake. Liwalo na liwe, sisi tulibeba kosa la wengine bila kulichungulia. Tofauti ya kweli imo mdomoni. Anayeitwa mweupe ana mdomo mpana uliokatika sawasawa, ambao humfaa kwa kula nyasi. Anayeitwa mweusi ana mdomo uliochongoka, ambao humfaa kwa kuvuta majani ya vichaka. Mwanafunzi angeambiwa kifaru mla nyasi na kifaru mla majani, angejua mara moja kwamba wawili hawa hawawezi kuhifadhiwa katika mazingira ya namna moja. Jina sahihi ni nusu ya somo.

Sarufi yetu nayo ina la kutufunza. Neno kifaru lina umbo la ngeli ya vitu, sawa na kiti na kisu. Hata hivyo Mswahili hasemi kifaru kimekufa, ila husema kifaru amekufa, kwa upatanisho ule ule utumikao kwa binadamu. Husema kimeharibika pale tu anapozungumzia kile kifaru cha vita chenye mizinga. Kwa hiyo lugha hii ilikwisha kuamua zamani kwamba mnyama ni kiumbe aliye upande wetu, si chombo. Sasa sikiliza usemi wa biashara haramu: pembe imeuzwa, ngozi imesafirishwa, nyara zimekamatwa. Yule aliyekuwa a-, akipumua na kunyonyesha, amegeuzwa kuwa i- na zi-. Hata neno nyara lenyewe ni la vitani, lenye maana ya mali iliyotekwa kwa adui. Ni lini tulipigana na ndovu hata pembe zake zikawa nyara?

Naandika haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu naamini darasa lina sehemu yake. Tuna sheria kali. Ile ya mwaka 2013 ya uhifadhi wa wanyamapori iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yahusuyo wanyama walio hatarini. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010 imetamka kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mchungaji anayeishi mpakani mwa mbuga atatii vipi sheria ambayo jina la mnyama inayemlinda hajapata kulisikia?

Hapana budi hatua zichukuliwe, na nyingine hazihitaji hata senti. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuandika majina kumi ubaoni, kwa mfano palahala, korongo, choroa, nyamera, kuro, tohe, tandala, mbawala, kongoni na pofu, kisha akawaagiza wanafunzi wachunguze kila mmoja anaishi wapi na anakula nini. Mwanafunzi aweza kwenda kwa nyanya yake akamwuliza wanyama hao waliitwaje kwa lugha ya nyumbani, akaleta majina hayo darasani yakaandikwa kabla wanaoyajua hawajatutoka. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, vilivyoanza mwaka 1968 kwa bidii ya wanafunzi wenyewe, ni ushahidi kwamba vijana hawahitaji kusubiri amri kutoka juu. Watunzi wa vitabu nao waache kumwita kila mwenye pembe na kwato swala. Na wasimamizi wa mbuga waandike vibao kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha majina kamili, ili mwananchi aliyelipa kiingilio asomeshwe mali yake kwa lugha yake.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani na picha ya palahala. Nilimtaja jina, nikawaonyesha alipo katika ramani. Msichana mmoja mzaliwa wa Kwale alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, huyu yuko kwetu, na sikuwahi kumjua." Sijui kama siku moja atakuwa mwalimu huko kwao. Akiwa, naamini kuna darasa moja katika kaunti ile ambalo palahala hatapotea bila habari.