Joto la Nchi Halichagui Oili

Oili ya injini huchaguliwa kwa kuangalia injini yenyewe, si hali ya hewa ya mji ambamo gari linatembea. Hata hivyo, katika gereji nyingi za Tanzania na Kenya kuna kauli inayotolewa kama sheria isiyopingika: oili nyepesi ni za nchi za baridi, huku kwetu kuna joto, weka nzito. Fundi huchomoa kijiti cha kupimia oili, hulisugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, hutikisa kichwa na kusema, "Hii ni maji, bosi." Mwenye gari aliyefika na galoni lake la 0W-20 hurudishwa dukani akachukue 20W-50, au ile oili namba 40 ya bei ya chini iliyopangwa mlangoni. Kauli hiyo si ya kweli, na inaudhi zaidi kwa sababu kifaa kinachoikanusha kimo ndani ya kila injini ambayo fundi huyo ameifungua.

Kifaa hicho ni thamostati. Hukaa kwenye njia ya maji ya rejeta, ikiwa imefungwa wakati injini ni ya baridi, na hufunguka maji yanapopata moto wa kutosha. Katika injini nyingi za Toyota hilo hutokea kwenye takribani nyuzi joto 82. Kazi yake ni moja tu: kuhakikisha injini inafanya kazi katika joto lile lile popote ilipo. Oili nayo, gari likishashika mwendo wa kawaida, hukaa karibu na nyuzi 90 hadi 110. Iwe Tanga saa nane mchana, iwe Makete alfajiri ya Julai, iwe Sapporo, Japani, barabarani kukiwa na theluji, oili inayozunguka ndani ya injini iliyopata moto iko katika kiwango kilekile cha joto. Rejeta na feni hutoa joto la ziada, na thamostati huzuia lisipungue mno. Injini iliyopata moto haijui iko nchi gani.

Hata hiyo "nchi ya baridi" inayotajwa haichunguzwi. Japani ina theluji Januari, lakini pia ina Julai na Agosti. Mwezi Julai 2018 mji wa Kumagaya, si mbali na Tokyo, ulipima nyuzi 41.1, joto ambalo mkazi wa Dar es Salaam hajawahi kulipata katika mji wake. Mjini Phoenix, Marekani, mwaka 2023 zilipita siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika nyuzi 43 au zaidi. Corolla na Prius nyingi zilizokuwa barabarani mjini humo zilikuwa na kitabu kinachosema 0W-20. Ikiwa joto la nje ndilo linaloharibu oili nyepesi, Phoenix ingekuwa makaburi ya injini za Toyota.

Namba zenyewe husomwa vibaya. Katika 5W-30, namba ya kwanza na herufi W hueleza tabia ya oili ikiwa ya baridi sana: 0W hupimwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, na 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili hueleza uzito wake kwenye nyuzi 100, yaani joto la injini iliyo kazini. Kwa hiyo namba inayohusu joto ni ya pili, na mtengenezaji ameshaichagua akijua thamostati yake inafunguka lini.

Uzito huo hupimwa kwa sentistoki. Oili ya 20W-50 kwenye nyuzi 100 huwa na sentistoki 18 au 19 hivi. Oili ya 0W-20, ile inayoitwa maji, ikiwa kwenye nyuzi 40 huwa na takribani 45. Maana yake ni kwamba asubuhi ya Dar es Salaam, ambayo haifiki hata nyuzi 40, kabla ufunguo haujazungushwa, oili "maji" ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko ilivyo 20W-50 injini ikiwa imepata moto. Na hiyo 20W-50 asubuhi hiyohiyo? Kwenye nyuzi 40 hukaribia sentistoki 160 au zaidi. Vidole viwili vya fundi haviwezi kupima lolote kati ya hayo, kwa sababu oili haifanyi kazi yake ya msingi katika joto la vidole.

Madhara ya uzito uliozidi huanza injini inapowashwa. Kati ya krenki na beringi zake kuna nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, na oili lazima ifike hapo mapema. Pampu inaposukuma oili iliyo nzito kupita kipimo, shinikizo hupanda, valvu ya pampu hufunguka, na sehemu ya oili hurudi kwenye sampu bila kupita kwenye beringi. Filta nayo ina valvu ya kupitishia oili pembeni pale inapokuwa nzito mno kuchujwa, hivyo kwa muda huo uchafu huingia ndani ya injini pamoja nayo. Taa ya oili kwenye dashibodi huzimika haraka, dereva akaridhika, ilhali taa ile huonyesha shinikizo tu. Haionyeshi kiasi cha oili kilichofika juu kwenye kemshafti.

Kwenye injini za VVT-i jambo hili huonekana kwa macho. Vitz, IST, Probox na Premio za zamani zinazotumia 1NZ-FE husogeza kemshafti kwa nguvu ya oili, kupitia valvu inayoendeshwa kwa umeme na kichujio kidogo cha wavu, kifupi kuliko kidole gumba, kilichofichwa nyuma ya bolti kwenye kichwa cha silenda. Gari lililoishi kwa oili nzito ya daraja la chini, iliyochelewa kumwagwa, likifunguliwa bolti hiyo wavu hutoka umezibwa na tope jeusi. Taa ya injini ilishawaka, mashine ya uchunguzi ikaandika msimbo wa hitilafu P0011, na mwenye gari akauziwa plagi, koili na sensa kabla ya yeyote kufikiria kichujio hicho. Hali ni mbaya zaidi kwa Aqua na Prius, ambazo injini zake huzimika na kuwaka mara nyingi katika safari moja, na kila inapowaka oili hutakiwa ifike mara moja.

Watetezi wa oili nzito hutoa hoja ya babu: alikuwa na Land Rover, au Peugeot 504, akatumia oili namba 40 maisha yake yote, na injini haikunoki. Hoja hiyo haigusi kitu. Injini hizo ziliundwa kwa oili za wakati wake, bila VVT-i wala vijia vyembamba vya oili vya leo, na wenye kuzitunza hadi sasa wana haki ya kuendelea kufuata vitabu vyake. Babu alitumia oili iliyopangiwa injini yake. Mjukuu anayeweka oili ya babu kwenye Aqua amefanya kinyume cha alichofanya babu.

Hoja ya pili ni ya gari linalokula oili. Ringi za pistoni zilizokwama kwa kaboni, sili za valvu zilizokauka na valvu ya PCV iliyoziba haviponi kwa oili nzito. Moshi wa buluu hupungua kwa muda, ubovu ukabaki palepale. Toyota ilipolalamikiwa Marekani kuhusu injini za 2AZ-FE, zilezile zilizomo kwenye baadhi ya Harrier na Alphard, ufumbuzi wake ulikuwa kubadilisha pistoni na ringi. Haikuwaambia wateja wamimine 20W-50.

Imani hii ya "nchi ya joto" haikuishia kwenye oili. Ndiyo hiyohiyo inayofanya mafundi kuing'oa thamostati na kuitupa, kwa madai kwamba nayo ni ya nchi za baridi. Huo ni uharibifu unaolipiwa ufundi. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata moto, au haiufikii kabisa kwenye safari fupi. Hunywa petroli zaidi, na unyevu unaoingia kwenye oili haukauki bali hugeuka ute wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko. Mwenye gari hulipia kifaa kitolewe, kisha hulipia madhara ya kutolewa kwake.

Uzito pia si kila kitu. Herufi za API kwenye galoni hueleza ubora: S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata kwa kawaida huonyesha kizazi. SP ilitoka mwaka 2020. Daraja la SF halifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988, lakini oili zake bado zinauzwa na kumiminwa kwenye IST, gari lililotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Kuna pia uovu wa oili chafu kuchujwa na kurudishwa kwenye makopo ya kampuni zinazojulikana, na unalishwa na gereji zinazouza makopo matupu yakiwa mazima na vifuniko vyake. Kopo tupu litobolewe palepale, mbele ya mwenye gari.

Kwa dizeli zenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, kama Mazda CX-5, kosa ni ghali zaidi. Injini hizo huhitaji oili inayoacha majivu machache, yenye alama ya JASO DL-1 au ACEA C3 kadiri kitabu kinavyoelekeza. Oili ya kawaida ya malori, hata iwe mpya na halisi, hujaza kichujio majivu ambayo hayaungui.

Kipimo sahihi hakihitaji kubahatishwa. Kimo kwenye kitabu cha gari, na kwenye magari mengi ya karibuni kimepigwa chapa juu ya mfuniko wa kumiminia oili. Kitabu kikiwa cha Kijapani, namba kama 0W-20 na 5W-30 husomeka vilevile. Magari mengi yaliyotumika Japani huja pia na stika kwenye nguzo ya mlango, yenye kilomita na tarehe ya kumwaga oili. H28 hapo, kwa hesabu ya miaka ya Kijapani, ni mwaka 2016. Ujazo nao umeandikwa: 1NZ-FE huchukua takribani lita 3.7 filta ikibadilishwa, kwa hiyo galoni la lita 4 halimiminwi lote ili lisibaki. Oili ikizidi, krenki huichapa ikatoa povu, na povu halilindi beringi. Kijiti hupimwa gari likiwa mahali tambarare, dakika chache baada ya injini kuzimwa, na oili huishia kati ya alama mbili.