Kuvunja Ungo Darasa la Pili

Mtoto mwenye kichwa kikubwa akiota matiti na miaka saba, Nachingwea nzima ina maelezo isipokuwa hospitali. Kachezewa, watasema. Au ni zile dawa alizopewa Dar es Salaam. Wengine watamtazama mama mtu tu na kunyamaza, na hao ndio wabaya zaidi.

Nimekulia huko. Sasa nasoma shahada ya uzamili, ingawa hili halihitaji shahada. Mpira unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni unaokoa maisha, sibishi. Ila sakafu ya chumba cha tatu cha maji ya ubongo ni haipothalamasi, kijisehemu kinachoamua balehe ianze lini. Maji yakikikandamiza, balehe inaweza kuja mapema, hata kwa mtoto ambaye mpira wake unafanya kazi vizuri. Ikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana, au 9 kwa mvulana, hiyo ni dalili ya kumwona daktari. Si ukubwa. Mtoto hurefuka ghafla kuwapita wenzake, nyumbani wakashangilia, kisha mifupa hufunga mapema akabaki mfupi. Zipo sindano za kuisimamisha, lakini zinataka kuwahi, na kutoka Nachingwea hadi MOI pale Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500. Nauli hiyo ni korosho za msimu mzima.

Nani alimweleza mama haya? Siku ya kuruhusiwa aliambiwa aangalie homa, kutapika, kichwa kuongezeka. Vizuri. Kila kliniki kichwa kinapimwa kwa futi. Kifua hakiulizwi, nadhani kwa sababu walioandika orodha ile hawakutegemea mtoto huyu afike darasa la pili.

Wasomi wenzangu wa mjini hapa hukimbilia kuulaumu unyago. Siwafuati. Ni kweli, anayemcheza mtoto wa miaka saba anakosea, na mwanamume atakayemwona huyo kuwa mkubwa ni mbakaji. Lakini kungwi wa Ruangwa angalau huitamka hedhi bila kugeukia ukutani. Nesi je? Tena wapo mabinti wa miaka 15, mpira bado kichwani, ambao hawakuchezwa kabisa: eti nani atawaoa, wafundwe ya nini? Damu ikaja, wakadhani mpira umepasuka.

Ninachodai ni kidogo mpaka naona aibu kukidai. Mstari mmoja kwenye karatasi ya ruhusa: akiota matiti au nywele za siri kabla ya wakati, mleteni. Na mganga mkuu wa wilaya awaite makungwi kabla ya msimu, Nachingwea na Ruangwa, awaambie wakiletewa mwali wa miaka saba wampeleke hospitali. Makungwi watamsikia. Ninachokitilia shaka ni kama mtoto akifikishwa pale dirishani atakuwepo mtu anayejua kwa nini kaletwa.