Deni la Marehemu wa Redio ya Ridhaa

Kiswahili kina neno zuri kwa kazi ifanywayo bila ujira. Ngumi za mtu asiyelipwa huitwa ngumi za ridhaa, na redio ya mtu asiyetafuta faida huitwa redio ya ridhaa. Neno hili halimpimi mtu kwa cheti wala kwa mshahara. Lampima kwa kukubali kwa moyo wake. Ndani yake mna hukumu ya mgogoro juu ya marehemu wa simu ya upepo katika nchi ya Njombe na Makambako: ni nani miongoni mwao alikuwa mmoja wa jumuiya ile, na ni nani anayestahili kukumbukwa? Wako wasemao kwamba hesabu ya marehemu hao ni fupi, nayo imekwisha fungwa. Hesabu hiyo si fupi, ila imefupishwa. Na kufupisha hesabu ya wafu ni dhuluma ambayo mdhulumiwa hawezi kuilalamikia.

Kwanza yafaa nchi yenyewe ifahamike. Njombe imekaa katika nyanda za juu, mahali pa ukungu, baridi na mvua ya miezi mingi. Makambako, yapata kilomita 60 kutoka Njombe, ni njia panda: hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana na barabara ya Songea, na hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975. Aliyekuwa Makambako alikuwa karibu na ulimwengu. Aliyekuwa Ludewa, Makete au Lupembe alikuwa mbali nao, hasa barabara zilipogeuka matope. Kabla simu za mkononi hazijaenea katika miaka ya 2000, hospitali na misheni zilizo mbali na waya wa posta zilikuwa na njia moja ya haraka ya kupeleka habari, nayo ni mawimbi mafupi ya redio. Mawimbi hayo hupanda angani, hurudishwa na tabaka la hewa lililotiwa umeme na jua, kisha huanguka mamia ya maili mbele, bila kujali mlima wala mto uliofurika. Ndiyo sababu shirika la madaktari warukao kwa ndege, lililoanzishwa mwaka 1957 na sasa likijulikana kwa jina la AMREF, lilieneza simu za upepo katika hospitali za mbali za Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1960, ili mganga aliye porini apate kusema na mganga aliye Nairobi.

Kando ya vituo hivyo vya kazi walikuwapo watu wa ridhaa wenyewe, waliopasi mtihani, wakapewa leseni na alama ya mwito. Wakati wa ukoloni alama za Tanganyika zilianza kwa VQ3, na za Unguja kwa VQ1. Baada ya Uhuru nchi ikapata herufi zake mpya, 5H. Wengi wa wenye leseni walikuwa wageni: wamisionari, madaktari, walimu na wahandisi. Mchana walitengeneza mota au walitibu wagonjwa. Usiku walikaa mbele ya mitambo yao wakasema na watu wa Ulaya, Amerika na Japani.

Lakini redio ile haikuwa mtu mmoja na kipaza sauti chake. Waya wa kupeleka mawimbi ya megahezi 7 una urefu wa mita 20 hivi, nao hautaki kulala chini. Lazima apatikane mtu wa kupanda mti na kuuinua. Betri haijijazi yenyewe. Lazima abebe mtu, apeleke kwenye jenereta, arudi nayo. Radi ikikaribia, lazima awepo mtu wa kuchomoa waya kabla mtambo haujaungua na nyumba pamoja nao. Saa ya miadi ikifika, lazima akae mtu asikilize mvumo wa hewa, atenge sauti dhaifu na kelele, aandike jina la mgonjwa pasipo kukosea. Na habari ikisha pokelewa, haijafika mpaka apatikane mtu wa kuichukua kwa miguu hadi mlango wa mwenyewe. Kazi hizo hazikufanywa na leseni. Zilifanywa na watu. Mwenye leseni alikwenda likizo kwao, na mtambo ulimngoja; mpanda mti na mchukua habari hakuwa na likizo.

Sasa na itazamwe desturi ya jumuiya hii kwa wafu wake. Watu wa redio ya ridhaa duniani kote hutumia herufi mbili za Mors, S na K, zilizopigwa pamoja, kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha. Mwenzao akifa, huandika herufi hizo kando ya alama yake, nao huzieleza kwa maana ya kigongeo kilichonyamaza, yaani kile kifaa cha kupigia mapigo ya telegrafu. Desturi hii ni njema, na ina adabu ya usawa ndani yake. Mfalme Hussein wa Jordan, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa JY1. Sultani Qaboos wa Oman, nchi yenye Waswahili wengi, alikuwa A41AA mpaka kufa kwake tarehe 10 Januari 2020. Walipoita hewani, mwalimu wa shule aliweza kuwajibu kama mwenzao, bila kusubiri ruhusa ya waziri.

Ila desturi hiyo ina tundu, na majina ya watu wa Njombe na Makambako huvuja hapo. Inakumbuka alama, haikumbuki mtu. Nayo alama si mali ya marehemu. Ni mali ya serikali, naye ameazimwa tu. Marekani, alama ya aliyekufa ikisha kaa miaka miwili huweza kupewa mtu mwingine amwombaye mkubwa wa leseni. Jamaa wa karibu huweza kuiomba hata mapema. VQ3 zote za Tanganyika zimekufa pamoja na bendera iliyozitoa. Aliyetegemea alama iwe jiwe la kaburi lake amejenga juu ya kiwanja cha kupanga. Ikiwa mwenye alama yumo katika hatari hiyo, je, asiyepata alama kabisa? Orodha za marehemu zinazochapwa Ulaya na Marekani haziwezi kumpokea, maana hana herufi za kuingilia mlangoni. Asiyekuwepo na lake halipo, na hapa asiyekuwepo amefanywa asiwepo.

Watetezi wa hesabu fupi wana hoja tatu. Ya kwanza ni ya sheria. Husema kwamba kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano zimekwisha amua: mtu wa redio ya ridhaa ni yule aliyeruhusiwa rasmi, mwenye shauku ya ufundi wa redio kwa nia yake mwenyewe, bila kutafuta fedha. Asiyepasi mtihani, wasema, si mwenzao. Na kumwingiza ni kushusha heshima ya waliosoma. Hoja hii ina nusu ya ukweli, nayo ni nusu inayostahili kulindwa. Mtihani una maana. Asiyejua mipaka ya mawimbi huweza kuziba mwito wa meli inayozama. Kwa hiyo asipewe mtu, hata marehemu, alama ambayo hakuipata. Huo ungekuwa uwongo, na maiti havikwi nishani ya kuazima. Lakini sheria ile ilitungwa kuamua nani aruhusiwe kurusha sauti hewani. Haikutungwa kuamua nani aliliwe. Kanuni ya bandari humtaja nahodha. Haimaanishi kwamba jahazi liliposafiri halikuwa na mabaharia. Tena sheria yenyewe imetaja sifa tatu, ruhusa, shauku na kutotaka fedha. Na aliyepanda mti kwenye mvua bila kulipwa, kwa hamu ya kusikia chombo kikisema, alikuwa na mbili kati ya tatu. Wapo wenye leseni ambao hawakufikisha idadi hiyo.

Hoja ya pili ni ya wavivu, nayo imevaa kanzu ya hekima. Husema: wema hauozi. Kwa nini kuandika? Waliotenda mema watakumbukwa na waliowatendea. Methali ni ya kweli kwa Mungu, ambaye hasahau; kwa wanadamu inahitaji msaada. Wema hauozi, lakini aliyetendewa hufa, na mwanawe huhama. Mama aliyeokolewa kwa sababu habari ya uzazi wake mgumu ilifika kwa wakati hakupata kujua ni mkono wa nani uliobeba betri asubuhi ile. Yuko wapi shahidi? Waswahili walikuwa na methali nyingine kwa jambo hili, na wavivu hawaitaji: mali bila daftari hupotea bila habari. Ajabu ni kwamba jumuiya hii, kuliko nyingine, ilikuwa na daftari. Mtu wa redio huandika kila mazungumzo: tarehe, saa, mawimbi, alama ya mwenziwe na nguvu ya sauti iliyosikika, kisha hupelekeana kadi za kuthibitisha. Watu walioandika sekunde na vipimo vya sauti iliyotoka Osaka hawakutenga safu moja ya jina la mtu aliyesimama nyuma yao ameshika taa.

Upungufu huu wazidi kuonekana mtu akikumbuka kazi ya redio katika misiba ya nchi. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vifo: jina la marehemu, kijiji, jamaa wanaopelekewa habari, na mahali pa maziko. Mkulima asiyewahi kuandikwa gazetini alitajwa kwa jina lake kamili, na nchi nzima ikanyamaza kumsikiliza. Redio iliwafanyia wengine haki hiyo. Je, haki ifanywayo kwa kila mkulima itawakosa wale walioishi kwa kubeba sauti za wengine?

Hoja ya tatu ina ukali zaidi, nayo husemwa na wasomi. Husema kwamba simu ya upepo ya misheni ilikuwa chombo cha wageni, na walioitumikia walikuwa vibarua wa wageni. Taifa huru lina wafu bora wa kuwakumbuka. Jambo hili lataka jibu kutoka katika historia. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilifyatua mizinga Dar es Salaam, ikilenga kituo cha simu ya upepo cha Wadachi. Vitabu huitaja manowari kwa jina. Huutaja mnara. Ni kitabu gani kimtajacho kibarua aliyesimamisha vyuma vya mnara huo, au mlinzi aliyekuwa chini yake mizinga ilipolia? Msomi anayemkataa msaidizi wa redio kwa sababu alifanya kazi na mgeni hamkomoi mgeni. Mgeni amekwisha andikwa kwao. Anamalizia kazi ambayo mkoloni aliianza, ya kumhesabu Mwafrika kama sehemu ya mzigo. Naye aliyesikia sauti yenye kelele, akaigeuza kuwa maneno ya Kiswahili, kisha akayapeleka kwa Kibena nyumbani kwa mwenye mgonjwa, alikuwa mfasiri na mwandishi. Vyuo vikuu hufungua idara kwa ajili ya watu wa kazi hiyo.

Basi lawama haiangukii wazee wa redio peke yao. Sehemu kubwa yaangukia wanafunzi na walimu. Katika stesheni ya Makambako, mtumishi aliyelipwa na reli aliacha faili: jina, cheo, mwaka wa kuajiriwa na mwaka wa kustaafu. Mtu wa ridhaa hakuacha faili, kwa kuwa hakudai kitu. Hivyo elimu inayofuata mafaili tu humwadhibu mtu kwa ukarimu wake. Huku tasnifu zarundikana juu ya mambo yaliyokwisha andikwa mara kumi, na mashahidi wa jambo lisiloandikwa wazikwa mmoja mmoja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipokamilika mwaka 1975 leo amepita miaka 70. Hatangoja bajeti ya utafiti.

Linalotakiwa si mnara wala sherehe. Ulimwengu una siku yake ya redio ya ridhaa, tarehe 18 Aprili, kwa ukumbusho wa umoja wa vyama vyake ulioundwa Paris mwaka 1925. Siku hiyo yatosha. Linalotakiwa ni daftari, liandikwe Njombe na Makambako, kwa Kiswahili, likae maktaba na nakala yake parokiani na usharikani. Liwe na sehemu mbili zilizo wazi, ili ukweli usichanganywe na heshima: ya waliokuwa na leseni pamoja na alama zao, na ya waliotumika bila leseni. Kila jina lifuatwe na kijiji, kazi aliyoifanya, miaka yake, jina la aliyelishuhudia na mahali alipozikwa. Madaftari ya zamani na kadi zitafutwe kwa warithi, hapa na ng'ambo, kabla mchwa na wanunuzi wa karatasi hawajazimaliza. Na wenye leseni wa leo, wanaopewa alama na Mamlaka ya Mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, wawe wa kwanza kuandika, kwa kuwa wao ndio wajuao kwamba mwito usiojibiwa si lazima uwe haukusikika.

Kazi hiyo haitalipwa. Atakayeifanya ataifanya kwa ridhaa, na kwa tendo hilo atakuwa mwenzao wale anaowaandika, awe na leseni au asiwe nayo.