Mistari miwili tu, ila nimegoma kusaini

Nimeadimika kidogo, maandalizi ya TP yamenibana. Leo nina dukuduku.

Juzi maabara ya kompyuta kikundi chetu kilipewa zoezi la kupitia badiliko kwenye draiva ya Linux. Draiva ilikuwa inaomba memori, hatua inayofuata ikishindwa inaondoka bila kuirudisha. Badiliko likaongeza mistari miwili ya kuiachia palepale, kfree na kurudisha kosa. Wenzangu wanne wakasema iko poa, tusaini tukale. Nikagoma, nikaitwa mnoko.

Jamani, unoko uko wapi? Kwenye keneli vitu vinaombwa kwa mpangilio, na ukikwama katikati unarudisha kinyumenyume: ulichochukua mwisho ndicho unachoachia kwanza. Ndiyo maana mafaili yake yamejaa goto, ile ile tunayokatazwa darasani, teh teh. Sasa mistari miwili haikwambii nani mwingine ameishika memori hiyo. Nilipofungua faili zima nikakuta aliyeiita ile fanksheni naye anaiachia akijibiwa kosa. Yaani ingeachiwa mara mbili! Programu ya kawaida ikifanya hivyo inakufa peke yake. Keneli inaweza kuangusha mashine nzima, au kumfungulia mlango mdukuzi.

Na siyo hadithi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walituma kwa majina bandia marekebisho madogo yenye ubovu wa makusudi, waone kama wakaguzi wa Linux watashtuka. Mambo yakalipuka Aprili 2021, chuo kikapigwa marufuku kuchangia. Kamati ya Linux ilipochunguza ilisema mabovu yote yalikamatwa au kupuuzwa kabla ya kuingia. Kuwajaribu watu bila ridhaa yao si ungwana, hapo sina mjadala. Ila hao wakaguzi nawapa heko.

Wenzangu wananiambia tangu toleo la 6.5 la mwaka 2023 keneli ina njia ya kuachia memori yenyewe. Sawa, lakini msimbo wa zamani ni mwingi, na draiva yetu haikuitumia. Halafu Linux aliyepitia anaandika jina lake, linabaki kwenye historia. Ni sawa na sisi kesho tuandike "vizuri" kwenye daftari ambalo hatujalisoma.

Tumerudisha zoezi bila saini, na swali moja tu: mwenye memori hii ni nani? Mhadhiri hajajibu. Kantini nako tulikuta wali umeisha, lawama zote kwangu.