Mgonjwa wa Kuhara na Mikono ya Mwuguzaji

Askari anapolazwa hospitalini kwa ugonjwa wa kuhara, halazwi peke yake. Katika hospitali nyingi za nchi zetu sista mmoja huangalia wodi nzima, na kazi ya kumwosha mgonjwa, kumlisha, kumwaga beseni na kufua shuka hufanywa na mkewe, dada yake au binti yake mkubwa. Mwuguzaji huyo hulala juu ya mkeka kando ya kitanda, na aghalabu ana mtoto mgongoni. Asipofundishwa la kufanya, yeye ndiye atakayeuchukua ugonjwa kutoka wodini hadi kambini.

Kuhara kuna vyanzo vingi, na vijidudu vyake havilingani kwa ukali. Vile viitwavyo Shigella, viletavyo kuhara damu, ni hatari zaidi kwa mwuguzaji, maana kumi hadi mia tu vyatosha kumwangusha mtu mzima. Idadi hiyo haionekani kwa macho, nayo hukaa kwa raha chini ya ukucha mmoja.

Majeshi yamelijua jambo hili kwa gharama kubwa. Katika vita vya Crimea, vilivyopiganwa kati ya 1853 na 1856, askari wa Uingereza waliolazwa katika hospitali ya Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, waliuawa na kuhara, kipindupindu na homa kuliko majeraha. Mwezi Machi 1855 ilifika tume ya usafi, ikazibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo, ikaondoa uchafu na kupaka kuta chokaa. Katika miezi iliyofuata vifo vikapungua sana.

Mgonjwa wa kuhara yafaa atengwe na wengine, awe na choo chake au ndoo yake, na vyombo vyake visishirikiwe na kitanda cha pili. Mwuguzaji anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila amgusapo mgonjwa au ndoo, na tena kabla ya kushika chakula au kumnyonyesha mtoto. Ile dawa ya spiriti itundikwayo ukutani ina faida yake, lakini kwa kuhara haitoshi. Virusi vya noro huistahimili, na mbegu za kijidudu kiitwacho Clostridium difficile, ambacho huwapata hasa wagonjwa waliotumia dawa za antibiotiki, hazifi kwa spiriti hata kidogo. Sabuni na maji huziondoa mikononi. Tena haifai kumkaripia mama wa watu ikiwa bomba la wodi limekauka tangu juzi. Hilo ni la wakubwa wa hospitali kulijibu.

Sakafu na kitanda kilichochafuka huoshwa kwanza kwa sabuni, kisha hupakwa maji ya klorini, kwa sababu uchafu hudhoofisha klorini. Dawa ya kufulia nguo nyeupe ikiwa na klorini ya asilimia 3.5, kikombe kimoja katika vikombe sita vya maji hutoa nguvu ya asilimia 0.5. Iachwe dakika kumi kabla ya kufutwa. Mchanganyiko huo utengenezwe upya kila siku, wala usichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa huweza kutoa hewa yenye sumu. Shuka zisikung'utwe, wala zisirudishwe nyumbani katika kapu lililoleta uji.

Wageni nao ni tatizo, ingawa ni vigumu kulisema. Wenzake wa kikosi huja wanane, humpa mgonjwa mkono mmoja baada ya mwingine, huketi kitandani, kisha hugawana ndizi alizoletewa. Waje wawili wawili, wasimame, na wanawe mikono wakitoka.

Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, bado vijidudu vyaweza kutoka katika choo chake kwa siku kadhaa. Ikiwa ni mpishi wa mesi, asishike sufuria mpaka zipite angalau saa 48 tangu kuhara kukome. Na ikiwa alikuwa na kuhara damu au homa ya matumbo, asubiri mpaka daktari apime choo chake na kumruhusu. Wakati huo afande wake anaweza kumpa kazi ya lango au ya bohari.