Mbegu ya miaka kumi haikui kwa fedha za miaka mitatu

Mkulima anayenunua mbegu ya maharage ya SUA 90 mara nyingi hajiulizi jina hilo limetoka wapi. SUA ni kifupi cha jina la Kiingereza la Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichopo Morogoro, na 90 ni mwaka 1990, mbegu hiyo ilipotolewa rasmi kwa wakulima. Nyuma ya jina hilo fupi kuna kazi ya karibu miaka kumi ya kuchanganya mbegu, kupanda, kuchagua, kutupa zisizofaa na kuanza tena.

Kazi hiyo ilikuwa na mlipaji. Ilifanyika chini ya mpango wa utafiti wa maharage na kunde ulioanza mwaka 1980 kwa fedha za Serikali ya Marekani kupitia shirika lake la misaada la USAID, ukiwaunganisha watafiti wa Morogoro na wenzao wa Washington State University. Baada ya SUA 90 ilikuja mbegu ya Rojo mwaka 1997, kisha Mshindi na Pesa mwaka 2006. Baadaye wataalamu wa SUA waliungana na wale wa Oregon State University kutafuta maharage yenye kinga ya asili dhidi ya fukusi, mdudu anayemtia hasara mkulima ghalani na mfanyabiashara wa nafaka pale Tandale.

Mlipaji huyo sasa hayupo. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili kuipitia upya, na ilipofika Julai 1, 2025, USAID iliacha kuendesha misaada hiyo. Miradi ya vyuo vya Marekani iliyokuwa ikishirikiana na vyuo vya Afrika katika utafiti wa mazao ya jamii ya kunde ilikatiwa fedha ndani ya muda mfupi. Jambo hilo halikupigiwa kelele sokoni, kwa sababu gunia la maharage halikupanda bei siku hiyo. Athari yake itaonekana miaka kumi ijayo, mkulima atakapotafuta mbegu mpya ya kukabili ugonjwa mpya na kukuta haipo.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo haina maana kwamba msaada ni mbaya. SUA, iliyoanzishwa kama chuo kikuu kamili mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo huo, imefanya mengi kwa fedha za marafiki. Norway imekisaidia tangu miaka ya 1970, kabla hata hakijawa chuo kikuu, na baadaye ikagharamia miradi iliyofuatana ya TARP II, PANTIL na EPINAV. Ubelgiji ilishirikiana na chuo hicho katika utafiti wa panya. Benki ya Dunia, kupitia mpango wa vituo vya umahiri ulioidhinishwa mwaka 2016 kwa nchi nane za mashariki na kusini mwa Afrika, iliwezesha vituo viwili chuoni hapo, kimoja cha udhibiti wa panya na kingine cha magonjwa ya kuambukiza ya binadamu na wanyama.

Matunda ya misaada hiyo yapo. Watafiti wa SUA na wa Chuo Kikuu cha Antwerp walionyesha kwamba mlipuko wa panya shamba unaweza kutabiriwa kwa kuangalia mvua. Mvua za mwanzo wa msimu zikiwa nyingi, panya huzaliana mapema, na mkulima wa mahindi anapaswa kujiandaa kabla hajapanda. Mjini Morogoro ndiko pia shirika la APOPO lilikohamishia kazi yake mwaka 2000, kwa ushirikiano na chuo hicho, likawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na baadaye vimelea vya kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa huko, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi ya kutafuta mabomu nchini Kambodia.

Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, mwenye fedha ndiye anayechagua swali. Mfadhili anapotangaza fedha za utafiti, hutoa masharti yake: mada fulani, muda fulani, mshirika kutoka nchi fulani, andiko la kurasa kadhaa kwa Kiingereza, na tarehe ya mwisho isiyosogezwa. Tangazo hubandikwa katika vitivo, ambavyo sasa huitwa ndaki, na wahadhiri hukesha wakiandika. Anayeshinda hupata magari, vifaa na nafasi za wanafunzi wa uzamivu. Anayeshindwa husubiri tangazo jingine, na pengine hubadilisha somo lake lilingane na matakwa ya mfadhili mpya.

Katika mzunguko huo mkulima hayupo. Haoni tangazo, hasomi andiko, wala hakai kwenye kamati inayotoa alama. Habari humfikia mwishoni, kama itamfikia, katika warsha ya siku mbili yenye chai na fulana.

Tatizo la pili ni muda. Mradi wa kawaida hudumu miaka mitatu, minne au mitano. Mbegu ya maharage huhitaji takriban miaka kumi tangu uchanganyaji wa kwanza hadi mfuko wa kilo mbili dukani. SUA 90 ilipatikana kwa sababu mlipaji alikaa kitini muda wote huo. Mradi unapofungwa mwaka wa nne, mbegu zilizokwisha kuchaguliwa hubaki kwenye bahasha, msaidizi wa shamba huondoka, na mtafiti aliyezijua mbegu zake kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake hustaafu bila mrithi. Habari za vitivo hujaa pongezi kwa waliopandishwa vyeo. Mtafiti wa mazao anapostaafu, taarifa ambayo mkulima angepaswa kuipata kwanza ni ya nani atakayeendelea na shamba lake la mbegu.

Nchi imekwisha kukubali kimsingi kwamba fedha za utafiti zitoke nyumbani. Mwaka 2006, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Tanzania iliahidi kufika huko, na haijafika. Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, uliopo chini ya Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ulianzishwa mwaka 1995 kwa shabaha hiyo hiyo. Chombo kipo. Kinachokosekana ni fedha za uhakika zinazokaa muda mrefu kuliko bajeti ya mwaka mmoja.

Wakulima wa kahawa waliona mapema hatari ya kutegemea mfuko mmoja. Mwaka 2001 wadau wa zao hilo waliunda taasisi yao ya utafiti, TaCRI, yenye makao Lyamungu mkoani Kilimanjaro, wakachangia kwa makato ya mauzo ya kahawa huku wafadhili wakiongezea. Kwa kuwa walichangia, walipata kiti mezani na walisema wanachotaka: miche inayohimili chulebuni na kutu ya majani, ili wapunguze gharama ya dawa. Miche hiyo walipata. Utafiti ulifuata shida ya shambani kwa sababu mwenye shida alikuwa miongoni mwa walipaji.

Mkulima wa maharage, mtama au mihogo hana makato ya aina hiyo, na kumwongezea kodi mpya itakuwa kumwonea. Lakini tayari analipa, na mfanyabiashara anayenunua mazao yake analipa. Ushuru wa mazao wa halmashauri, hata baada ya kupunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, bado unakusanywa. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikirudishwa kwenye utafiti wa zao lililoutoa, halmashauri kadhaa zinazolima zao moja zinaweza kwa pamoja kumlipa mtafiti mmoja na wasaidizi wake kwa miaka kumi mfululizo. Hilo halihitaji mfadhili wala andiko la Kiingereza, ila uamuzi wa madiwani.

Serikali nayo inapaswa kuzipa mbegu za chakula fungu la kudumu ndani ya MTUSATE, lisilokatwa mradi mmoja unapokwisha. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliokubaliwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 za Marekani, umelenga majengo, mitaala na mafunzo ya wahadhiri katika vyuo vya umma. Ni hatua nzuri. Lakini maabara mpya isiyo na fedha za kuiendesha itakuwa jengo zuri la kupigia picha siku ya mahafali. Na kwa kuwa mkopo huo utalipwa na Watanzania, pamoja na mkulima wa maharage, anayo haki ya kuuliza maabara hiyo inachunguza nini.

Vyuo vyenyewe vina sehemu yao. Kamati inayogawa fedha za ndani za utafiti iwe na viti vya wakulima na wafanyabiashara wa mazao, wenye kura. Kila utafiti uliokamilika utolewe ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha, ubandikwe ofisi ya kata. Na mhadhiri anapopimwa kwa ajili ya kupandishwa cheo, mbegu iliyofika shambani ihesabiwe kwa uzito unaostahili, si makala za majarida pekee.

Wakulima na wafanyabiashara wasisubiri kuitwa. Chama cha msingi kinaweza kuandika katika muhtasari wa mkutano wake shida tatu kubwa za msimu: gunia ngapi ziliharibiwa na fukusi, panya walikula mashimo mangapi ya mahindi, maharage ya rangi gani yalikosa mnunuzi. Muhtasari huo upelekwe kwa ofisa ugani, kwa diwani na chuoni Morogoro. Viwanja vya Nane Nane visiwe mahali pa kutazama ng'ombe wanene tu. Pale penye banda la chuo mkulima aulize ni nani anashughulikia zao lake, kwa fedha za nani, na zitakwisha lini.

Swali hilo la mwisho ndilo lililosahaulika kwa miaka mingi, na jibu lake lilikuja ghafla mwaka 2025. Mbegu inayoanza kuchanganywa msimu huu itakuwa tayari baada ya miaka kumi, ikiwa atakuwepo wa kuilipia hadi mwisho.