Sehemu ya 7: Mtoto na levo za gemu

Mama wenzangu, mtoto akisema "nimepanda levo", msimkaripie kwanza, muulizeni amepandaje. Kwenye Skyrim, gemu la mwaka 2011, kuna ujuzi 18. Ukirusha mishale sana, ulenga shabaha ndo unakua; ukichanganya dawa, utabibu unakua (hapo nesi mimi nacheka). Ukipanda levo unachagua kuongeza kimoja tu: afya, uchawi au stamina. Hapo napapenda, mtoto anazoea kupanga.

Ila Ulaya gemu hilo limewekewa alama ya miaka 18. Watu wanachinjana humo. Wa darasa la nne hapana, hata akilia. Na huyo mkubwa, levo ikikaribia hazimi, saa sita usiku kompyuta bado inawaka na kesho shule. Zimeni saa tatu, "bado kidogo" yake haiishi.